Mtikisiko wa Safari ya Mgonjwa

Mgonjwa aliyevunjika muundi, akitolewa Choma cha Nkola kupelekwa hospitali ya rufaa ya Nkinga, hatoki nje ya wilaya ya Igunga. Hata hivyo, kilomita si kipimo cha mateso yake. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua, nazo barabara za changarawe hufanya matuta madogo yanayofuatana kama mbavu. Enzi za misafara, Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, asiyeweza kutembea alibebwa kwa machela mabegani mwa watu. Machela ilikuwa kitambaa na mti. Gari la wagonjwa ni maelfu ya vipande vilivyoungwa.

Wingi huo ndio huwashinda wahandisi wanaotaka kukokotoa mtikisiko wa chombo kizima. Mwaka 1968 Roy Craig na Mervyn Bampton walichapisha njia ya kuipunguza hesabu hiyo: kila kipande huwakilishwa na miondoko yake mikuu michache, mingine ikaachwa, lakini mahali vipande vinapokutana hapapunguzwi. Waliona mbali, kwani kwenye viungo ndiko uwiano unakovunjika. Boliti iliyolegea hutulia barabara inapokuwa nyororo. Mtikisiko ukizidi kidogo tu, huanza kugonga, na kila pigo humfikia aliyelala juu ya kitanda.

Mwili nao umeungwa. Katika hesabu, mtu aliyeketi huweza kuwakilishwa na mizigo michache juu ya springi, na vipimo huonyesha kwamba mtikisiko wa juu na chini humtingisha zaidi ukiwa takriban mara 5 kwa sekunde. Ukiwa mkali zaidi, kiwango hicho hushuka kidogo, maana nyama si chuma. Sasa tazama: matuta yakiachana mita 1, gari la kilomita 18 kwa saa huyapita 5 kila sekunde. Huo ndio mwendo ambao dereva mwema angeudhani wa huruma! Akishuka hadi kilomita 9, mapigo huwa 2 na nusu. Godoro la sponji nalo lisiaminiwe mno, kwa kuwa kiti cha sponji aghalabu huukuza mtikisiko wa karibu mara 4 kwa sekunde badala ya kuumeza. Aliyelala ana viwango vyake vingine; kwa hiyo aulizwe njiani ni mwendo gani unaomuumiza, na dereva auepuke.

Mfupa uliovunjika ni kiungo kipya mahali pasipostahili kiungo. Ndiyo sababu gango la muundi halifungwi palipovunjika peke yake: hulivuka goti juu na kifundo cha mguu chini, ili viungo hivyo viwili visiuchochee ule wa tatu. Baada ya kufunga, muuguzi apapase mapigo ya damu kwenye wayo na kuuliza kama vidole vina ganzi. Arudie njiani, kwa maana mguu huvimba na bendeji hubana.

Kabla ya kuondoka, kitanda cha gari kitikiswe kwa mkono kikiwa kitupu. Panapolia, pakazwe. Kazi hiyo haihitaji kompyuta, ila spana, na spana ikae garini daima.