Wingi wa Droni Angani Hauthibitishi Kitu

Kila inaposambaa video ya droni mia kadhaa zikichora joka angani usiku, simu yangu hujaa swali lile lile: "Kama watu wa burudani wameweza kuunganisha droni mia tano, jeshi la Marekani limehangaika nini miaka yote hii kuunganisha aina tatu?" Muulizaji huwa ameshajijibu: ni ulaji wa zabuni. Safari hii aliyeuliza ni mhandisi wa ujenzi, mtu ambaye hakubali nguzo iliyosimamishwa bila mchoro. Basi leo tulimalize.

Droni za maonyesho haziongei. Hazisemezani zenyewe kwa zenyewe, na kwa kawaida hata hazijui kama pembeni yake kuna nyingine. Kila moja hupakiwa njia yake kabla ya kuruka: sekunde ya 40 uwe hapa na taa nyekundu, sekunde ya 41 uwe pale na taa ya buluu. Mchoraji alishamaliza kazi yake kwenye kompyuta, na programu ikahakikisha kwamba njia hazigongani. Huko juu droni inafuata saa na GPS tu, huku kompyuta ya chini ikisimamia. Zote zimetoka kiwanda kimoja, zina programu moja na mwenye mali mmoja. Moja ikizimika, hakuna inayosogea kuziba pengo. Joka litabaki na tundu puani mpaka onyesho liishe.

Na hata hiyo kazi nyepesi hugoma. Mwaka 2018, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi huko PyeongChang, kampuni ya Intel ilivunja rekodi kwa droni 1,218. Zile ambazo dunia ilizitazama kwenye sherehe ya ufunguzi zilikuwa zimerekodiwa kabla. Oktoba mwaka huo huo, droni 46 zilianguka katikati ya onyesho pale Hong Kong, na waandaaji wakasema mawimbi ya GPS yalivurugwa. Hapo hakukuwa na adui wa kivita. Sasa nieleze, jeshi lijifunze nini kwenye mfumo wa namna hiyo? Vitani, kuvuruga GPS ndilo jambo la kwanza atakalofanya mwenzako.

Nikifika hapo, mbishi hunitolea Perdix. Sawa, Perdix ni jambo la kweli. Oktoba 2016, huko China Lake, California, ndege tatu za kivita za F/A-18 zilidondosha vidroni 103 vilivyowasiliana, vikakusanyika na kugawana kazi bila kiongozi mmoja. Ni uhandisi wa kuheshimika. Lakini vyote 103 ni Perdix! Ndugu wa tumbo moja wakielewana mezani, hiyo si habari. Swali la wanajeshi ni jingine kabisa: kitu nilichonunua kwako kitamtii mtu aliyefundishwa kwenye mtambo wa mshindani wako?

Hilo ndilo lililopelekwa jangwani Utah, kwenye uwanja wa majaribio wa Dugway, Septemba 2011, katika zoezi la jeshi la nchi kavu la Marekani lililoitwa MUSIC. Zilirushwa Hunter, Shadow na Gray Eagle, ndege za ukubwa tofauti zilizotoka kampuni tofauti, pamoja na Raven na Puma, ambazo askari huzirusha kwa mkono. Kulikuwa pia na helikopta za Apache na Kiowa Warrior. Kituo cha aina moja cha kuongozea kilitakiwa kiziendeshe zile tatu kubwa, na kingine kidogo kiziendeshe zile za mkononi. Askari mwenye kifaa cha kupokelea picha naye akapewa uwezo wa kuigeuza kamera ya ndege ambayo si yake.

Nchi za NATO hupima ushirikiano huu kwa madaraja matano. La kwanza, unapata picha kupitia kwa mtu mwingine. La pili, unazipokea moja kwa moja kutoka kwenye ndege. La tatu, unaigeuza kamera. La nne, unairusha ndege yenyewe, ila kupaa na kutua si kazi yako. La tano, yote ni yako. Anayekwambia "mifumo yetu inaunganika" bila kutaja daraja hajakwambia kitu. Mara nyingi ana la pili, na bei aliyotaja ni ya la nne.

Ugumu hauko kwenye redio, kama wengi wanavyodhani. Kupata masafa mamoja ni kazi ya kawaida. Chukua amri fupi kuliko zote: panda hadi mita 1,500. Kutoka wapi? Ndege moja inahesabu kutoka usawa wa bahari kwa kipimo cha hewa, nyingine kutoka umbo la dunia la kihesabu linalotumiwa na GPS, ya tatu kutoka ardhi iliyo chini yake. Dugway iko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo namba ile ile inaweza kumaanisha mita 1,500 kutoka mchangani, au mita 200 tu. Redio imefikisha ujumbe bila kosa hata moja, na ndege inaelekea mlimani.

Kisha mawasiliano yakatike. Moja imepangwa irudi nyumbani, nyingine izunguke hapo hapo, nyingine ipande kutafuta mawimbi. Ikiwa kituo cha pili kilishapokea usukani, nyumbani ni wapi? Na wakati wa kupokezana, nani anaushika? Ukikosea utaratibu, kuna sekunde chache ambazo marubani wawili waliokaa chini kila mmoja anaamini usukani uko kwa mwenzake. Au, vibaya zaidi, kila mmoja anaamini ni wake.

"Si wakubaliane kiwango kimoja?" Walishakubaliana zamani. Kinaitwa STANAG 4586. Kinaweka lugha ya pamoja kituoni, na kila ndege inakuja na moduli yake ya kutafsiri. Tatizo ni kwamba kiwango hicho hicho kinamruhusu mtengenezaji kuwa na ujumbe wa faragha, kwa mambo ambayo lugha ya pamoja haikuyafikiria. Ni ruhusa ya busara, na ndiyo mlango wa nyuma. Kampuni inaweka uwezo wake mzuri wote humo, inapata muhuri wa kiwango, na wewe ukileta kituo cha kampuni nyingine unabaki na usukani na kamera basi.

Wala msidhani kufungua kila kitu ni dawa. Desemba 2009 gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba wapiganaji nchini Iraq walikuwa wakinasa picha za droni za Marekani aina ya Predator kwa programu iliyouzwa dola 26. Picha zilirushwa bila msimbo wa siri. Kuweka msimbo kunataka kila mpokeaji halali awe na ufunguo, na funguo hizo zigawiwe, zibadilishwe, zifutwe mtu akitekwa, kwa nchi zaidi ya moja. Kazi hiyo ya karani wa funguo haina video ya kusambaza, ila bila yeye ushirikiano ni kumgawia adui.

Nafasi inaniishia, kwa hiyo haya ya vitendo haraka, na yanawahusu hata wanaonunua droni za upimaji wa ardhi au kukagua nyaya za umeme. Nunua haki ya kiunganishi siku ile ile unaponunua ndege, kwa maandishi, maana baada ya kusaini bei hupanda. Taja daraja unalolitaka. Dai orodha ya ujumbe wote wa faragha. Kwa droni ndogo, zinazotumia itifaki ya wazi ya MAVLink zitakupunguzia kifungo cha muuzaji mmoja, ingawa nazo zina ujumbe wa ziada, tena ulinzi wake ni lazima uuongeze mwenyewe. Andika kipimo kimoja cha kimo na kila ndege ikifuate. Panga kila ndege ifanye nini mawasiliano yakikatika, ukizima redio kwa makusudi uwanjani. Mwisho, muuzaji arushe ndege yake, katikati ya safari aikabidhi kwa mtu wako aliyekaa kwenye kituo cha kampuni nyingine, na fungu la mwisho la malipo lisitoke mpaka itue.