Mtoto Naye Hupata Kiharusi

Mtoto wa miaka sita anaamka asubuhi, kikombe kinamponyoka, mdomo umepinda. Nyumbani watasema ni degedege au amerogwa. Hospitalini wengine watadhani malaria imepanda kichwani. Saa zinakwenda, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu inazidi kufa.

Kwetu chanzo kimojawapo kikubwa cha kiharusi cha watoto ni ugonjwa wa selimundu. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka. Seli zenye umbo la mundu huumiza mishipa mikubwa ya ubongo hadi njia ya damu ikasonga. Utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa, bila kinga, takriban wagonjwa 11 kati ya 100 hupata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20.

Hospitali ianze na mpangilio, mashine zitafuata. Muuguzi wa mapokezi amwambie mtoto atabasamu, anyanyue mikono yote miwili, ataje jina lake. Amuulize mzazi ni saa ngapi mara ya mwisho alimwona mzima, aiandike. Hapo hapo apimwe sukari, maana sukari ikishuka dalili hufanana. Apimwe pia malaria na wingi wa damu. Asipewe uji wala dawa ya kunywa mpaka ithibitike anameza vizuri. Benki ya damu ipigiwe simu mapema: mwenye selimundu anapaswa kuanza kuongezewa damu ndani ya saa 2, asicheleweshwe kwa kusubiri picha ya CT-skani.

Akitoka wodini, asiachwe. Anahitaji mazoezi ya viungo na kliniki isiyokatika, kwani bila kinga kiharusi cha pili huwarudia wengi.

Lakini kazi kubwa ni kukizuia cha kwanza. Kipimo cha dopla huwekwa kwenye panja, bila sindano, kupima kasi ya damu kichwani. Mtoto wa selimundu anayepimwa awe macho na ametulia. Akilia au akisinzia majibu hupotoka. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa. Mwaka 1998 utafiti ulithibitisha kuwa kuwaongezea damu watoto wenye kasi hiyo mara kwa mara hupunguza kiharusi kwa zaidi ya asilimia 90. Pale damu ilipo haba, utafiti wa Nigeria umeonyesha kuwa dawa ya haidroksiurea, hata kwa dozi ndogo, husaidia.

Mzazi mwenye mtoto wa selimundu, kliniki ijayo uliza: mwanangu atapimwa lini mishipa ya kichwa? Na hospitali iwe na jibu lenye tarehe.