Kuifufua Bunduki Kuukuu kwa Gharama Ndogo

Baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika mwaka 1945, bunduki nyingi za Lee-Enfield ziliuzwa kwa raia kwa bei nafuu katika Uingereza, Kanada na Marekani. Bunduki hiyo, yenye magazini ya risasi 10, ndiyo waliyoibeba pia askari wa KAR, waliojulikana kwetu Afrika ya Mashariki kwa jina la Keya. Wawindaji walioinunua waliipunguza uzito: waliukata mti wa mbele, wakatupa pete zake, na baadhi yao wakafupisha kasiba.

Leo wapo wanaotaka kuirudishia sura yake ya kijeshi ilhali mfuko wao ni mwepesi. Nasi twawashauri waanze na kasiba kabla ya kutoa fedha. Ikiwa bado ina urefu wa inchi 25.2, na mwili wa bunduki haukutobolewa ili kufungia darubini, basi kilichopotea ni mti na vyuma vidogo, navyo hupatikana vikiwa vimekwisha tumika. Iliyokatwa kasiba na ibaki ya uwindaji. Kuirudisha kutameza fedha kuliko thamani yake.

Katika mti, jasho hushika nafasi ya fedha. Mibonyeo huinuliwa kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto. Msasa mkali usitumiwe, kwani hufuta mihuri ya kiwanda na ya jeshi, na mihuri ndiyo historia yenyewe. Kisha mti upakwe mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka jembamba, siku baada ya siku. Mti wa mbele ukae imara. Ukilegea, kishindo cha risasi huupasua.

Lakini wahenga walisema, rahisi inavunja upishi. Tazameni namba ya bolti, yaani komeo la bunduki: ikitofautiana na ile ya mwili, jihadharini. Vipimo vya jeshi la Uingereza viliruhusu nafasi ya inchi 0.064 hadi 0.074 kati ya uso wa bolti na mwisho wa kasiba. Ikizidi, ganda laweza kupasuka na gesi ya moto ikamrukia mpigaji usoni. Upimaji huo ni kazi ya fundi wa bunduki, na ujira wake usikatwe.

Mwenye leseni na abane matumizi katika mti na mafuta. Katika bolti na kasiba asibane hata senti moja, kwani hapo anachokihatarisha ni macho yake.