TEMBEA UJIONEE MJI MKONGWE WA ZANZIBAR

Ukifika Unguja, tenga nusu siku utembee Mji Mkongwe. Huhitaji gari. Vichochoro vingi ni vyembamba na gari haliingii. Vaa nguo za heshima, kisha fuata njia hii.

Anzia Darajani

Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904. Zamani mkono wa bahari ulipita hapa, ukatenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Watu walivuka kwa daraja. Baadaye mkono huo ulifukiwa, lakini jina limebaki.

Simama Mkunazini

Kutoka sokoni ni mwendo wa dakika chache hadi Mkunazini. Hapa palikuwa na soko la watumwa. Watu walikamatwa bara, wakatembezwa kwa miguu hadi pwani. Walivushwa kwa majahazi, wakauzwa hapa kama mbuzi. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilifunga soko hilo baada ya kubanwa na Waingereza. Kanisa kubwa likajengwa papo hapo. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere.

Nje ya kanisa utaona shimo lenye sanamu za watu watano. Wamefungwa minyororo shingoni. Usipite haraka. Watumwa wengi walitoka katika vijiji kama chako.

Shuka Forodhani

Sasa elekea baharini. Ukipotea, waulize wenyeji. Utatokea Forodhani. Mbele yako ni Ngome Kongwe. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno, miaka zaidi ya 300 iliyopita. Baadaye ilitumika pia kuwa gereza.

Jirani yake ni Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883. Lilikuwa jumba la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme. Tarehe 27 Agosti, 1896, manowari za Kiingereza zilipiga mizinga majumba ya Sultani hapa. Vita hivyo havikufika hata saa moja.

Majumba haya yanataka kutunzwa

Mwaka 2000 shirika la UNESCO liliuweka Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini sifa haizuii mvua. Nyumba nyingi hapa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Maji yakipenya darini, boriti huoza. Boriti zikioza, dari huanguka na kuta hulegea. Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati jumba likikarabatiwa. Watu wawili walikufa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Je, kijijini kwako kuna msikiti wa kale, kanisa la zamani, boma au kaburi la mashujaa? Waulizeni wazee habari zake. Ziandikeni, kwa kuwa sasa mnajua kuandika. Zibeni paa kabla ya masika. Wajukuu wenu nao watapenda kutembea na kujionea.