"Rubani Amemaliza Saa Zake": Maana ya Maneno Hayo kwa Abiria

Abiria anayeambiwa kwamba hali ya hewa ni nzuri, ndege ni nzima na mafuta yamejazwa, ila safari haitaondoka kwa kuwa rubani amemaliza saa zake, ana kila sababu ya kushangaa. Wapo wanaodhani wanadanganywa. Mara nyingi maelezo hayo ni ya kweli. Hata hivyo, ukweli wake haumwondolei mtoa huduma wajibu, na hapo ndipo watumiaji wengi hupoteza haki zao bila kujua.

Rubani hufanya kazi ndani ya ukomo wa saa uliowekwa na sheria. Nchini Marekani, kwa mfano, rubani wa ndege ya abiria haruhusiwi kuruka zaidi ya saa 1,000 katika siku 365, na kabla ya zamu ni lazima apate mapumziko ya saa 10, ambamo atakuwa na nafasi ya kulala saa 8 mfululizo. Kanuni hizo zilianza kutumika mwaka 2014, na zilitokana na msiba. Februari 2009 ndege ya shirika la Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa. Uchunguzi ulibaini kwamba rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili kufika kituo chake cha kazi. Kwa hiyo abiria anayemshinikiza rubani "avumilie kidogo tu" anaomba kitu ambacho hapaswi kukitaka. Akae mbali na hoja hiyo.

Swali linalofuata ni la haki kabisa: kwa nini asiletwe rubani mwingine? Sehemu ya jibu iko katika leseni. Rubani hupewa idhini kwa aina mahususi ya ndege, baada ya mafunzo na mitihani ya aina hiyo. Air Tanzania ina ndege za Dash 8, Airbus A220, Boeing 737 MAX na Boeing 787. Rubani wa Dash 8 aliyekaa bila kazi siku hiyo hawezi kuitwa kurusha 787, hata kama zimeegeshwa ubavu kwa ubavu.

Sehemu nyingine ya jibu ni jinsi zamu zinavyogawanywa, na hapa mfano wa Marekani unafaa kwa kuwa huko utaratibu umekomaa. Katika mashirika makubwa rubani hapangiwi tu, huomba. Kila mwezi huwasilisha orodha ya safari na siku za mapumziko anazozitaka, na nafasi inapotokea huomba pia aina ya ndege, kituo cha kazi na kiti cha rubani mkuu au msaidizi. Kwa Kiingereza wanatumia neno lile lile la zabuni, ingawa hakuna fedha inayotolewa. Kinachoamua ni ukongwe, yaani tarehe ya kuajiriwa. Mkongwe huchagua kwanza, na aliyeajiriwa jana huchukua kinachobaki: usiku wa sikukuu, au zamu ya akiba ya kungoja simu. Akihamia shirika jingine, hata akiwa na miaka 20 ya kazi, huanza upya chini ya orodha. Ndiyo maana wengi hubaki shirika moja mpaka wastaafu.

Utaratibu huu ukikosewa, anayeumia ni abiria ambaye hakuwahi kusikia habari zake. Novemba 2017 ilibainika kwamba mfumo wa kompyuta wa American Airlines ulikuwa umewaruhusu marubani wengi kupita kiasi kuchukua mapumziko katika msimu wa Krismasi. Chama chao kilisema safari zaidi ya 15,000 ziliguswa, na shirika likalazimika kuahidi malipo ya ziada kwa marubani ambao wangekubali kufanya kazi.

Kustaafu nako kuna mkia mrefu. Rubani mkuu wa ndege kubwa akiondoka, nafasi yake huchukuliwa na wa ndege ndogo, ya huyo nayo huchukuliwa na mwingine, na kila anayepanda lazima arudi darasani. Mwaka 2020, abiria walipotoweka kwa sababu ya UVIKO-19, mashirika ya Marekani yaliwashawishi marubani wengi kustaafu mapema. Abiria waliporudi, marubani wa mashirika madogo walivutwa kwenda makubwa, na Septemba 2022 American Airlines iliacha kuhudumia miji kama Toledo na Ithaca ikitaja uhaba wa marubani.

Hoja ya kushika ni kwamba idadi ya marubani, akiba yao na ratiba yao ni maamuzi ya shirika. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2023 iliamua kwamba hata kifo cha ghafla cha rubani msaidizi wa TAP, aliyekutwa amefariki kabla ya safari ya Stuttgart kwenda Lisbon, hakikulifutia shirika wajibu wa fidia. Uamuzi huo unamhusu pia anayesafiri kutoka Kilimanjaro kwenda Amsterdam kwa KLM, kwa kuwa kanuni ya Ulaya hufuata mashirika yake yanapoelekea huko.

Kwa safari nyingine za kimataifa, Tanzania na Kenya zimeridhia Mkataba wa Montreal wa 1999. Chini yake shirika huwajibika kwa hasara iliyoletwa na ucheleweshaji, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua hatua zote stahiki kuuepuka. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa shirika. Mtumiaji aombe sababu ya kuchelewa kwa maandishi, pale pale uwanjani, na asikubali maneno "sababu za kiuendeshaji" kuwa maelezo kamili. Atunze tiketi, pasi ya kupandia ndege na risiti za chakula, malazi na teksi. Malalamiko yaanzie kwa shirika lenyewe. Jibu lisipopatikana au lisiporidhisha, yapelekwe kwa mamlaka ya usafiri wa anga pamoja na nakala za nyaraka hizo. Kesi chini ya Mkataba huo hufunguliwa ndani ya miaka 2, inayohesabiwa tangu siku ndege ilipofika au ilipopaswa kufika.