Kidole kimoja, kano mbili: bili ya upasuaji inavyoandikwa Marekani

Mtu akikatwa na kisu kidoleni kule Marekani, akashonwa kano na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, wiki chache baadaye bahasha huanza kuingia. Moja ni ya hospitali, kwa ajili ya chumba cha upasuaji, dawa na vifaa. Nyingine ni ya daktari aliyempasua, na nyingine ya daktari wa usingizi. Akifungua ile ya mpasuaji anakuta namba 26356 imeandikwa mara mbili, kila mstari na bei yake, ilhali kidole kilichokatwa ni kimoja. Wengi hudhani wameibiwa. Mara nyingi bili iko sawa. Ila zipo bili zinazokosewa kweli, na anayejua namba hizi zinatoka wapi ndiye anayeweza kuzibaini.

Namba zenyewe ni za CPT, orodha ya misimbo ya huduma za tiba inayomilikiwa na Chama cha Madaktari cha Marekani, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Kila huduma ina tarakimu zake tano. Kwa upande wa kano za mkono, orodha haihesabu vidole wala majeraha, inahesabu kano. Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili za kukunjia: moja inaishia kwenye pingili ya kati, na nyingine, iliyo chini yake, inafika hadi pingili ya mwisho. Kisu kikizikata zote mbili, daktari ameshona mara mbili, na anadai mara mbili. Medicare, bima ya serikali kwa wazee na baadhi ya wenye ulemavu, hulipa kazi ya kwanza kikamilifu na ya pili nusu, na kampuni nyingi za bima hufuata utaratibu wa namna hiyo.

Baada ya idadi, linakuja swali la mahali. Wapasuaji wamegawa njia ya kano za kukunjia katika kanda tano. Ukanda wa 2 huanzia kwenye mkunjo wa kiganja ulio karibu na mashina ya vidole na kuishia katikati ya pingili ya kati. Hapo kano zote mbili hubanana ndani ya ala moja nyembamba, na ile ya chini hupenya katikati ya mwenzake inapogawanyika. Kovu dogo tu likiota humo, kano hunata na kidole hakikunjiki. Ndiyo maana Sterling Bunnell, mpasuaji maarufu wa mikono, alishauri kano zilizokatika sehemu hiyo zisishonwe papo hapo. Ngozi ifungwe, kano ipandikizwe baadaye. Katika miaka ya 1960, Harold Kleinert na wenzake wa Louisville walionyesha kwamba kushona mapema, kwa ustadi na mazoezi ya haraka, kunaleta matokeo mazuri. Leo ndio utaratibu wa kawaida.

Ugumu huo wa mwili ndio uliomo kwenye misimbo. Kano ya kukunjia ikishonwa mapema ndani ya ukanda wa 2 ni 26356, na nje ya ukanda huo ni 26350. Ushonaji uliocheleweshwa ndani ya ukanda wa 2 ni 26357, na ukihitaji kipandikizi ni 26358. Ikiwa ile ya chini imekatika peke yake na mwenzake ni mzima, upo msimbo wake: 26370. Upande wa pili wa kidole, kano ya kunyoshea ni 26418. Na ncha ya kidole iliyoinama bila jeraha, ikatibiwa bila kupasuliwa, ni 26432.

Tuchukue ajali ya jikoni inayojulikana sana: mtu ameshika parachichi kwa mkono wa kushoto, kisu kinateleza na kuzama kwenye kidole cha shahada, upande wa kiganja, juu ya pingili ya kwanza. Kano zote mbili zimekatika pamoja na neva moja. Daktari akiandika tu kwamba "kano zimeshonwa na jeraha limefungwa", sisi tunaoandika misimbo tumekwama. Hatuuoni mkono, tunaiona ripoti, na haturuhusiwi kukisia. Inabidi tumrudie daktari. Akieleza kwamba ameshona kano mbili za kukunjia ndani ya ukanda wa 2 na neva moja ya kidole, kila neno linapata mstari wake: 26356 yenye alama F1, yaani kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, 26356 tena yenye F1, na kwa kawaida alama 59 inayoeleza kwamba hii ni kazi nyingine, si marudio, kisha 64831 kwa neva.

Sababu ya upasuaji nayo ina misimbo yake, ya ICD-10-CM, inayotumika Marekani tangu Oktoba 1, 2015. Kwa mgonjwa wetu ni S66.121A kwa kano, S64.491A kwa neva na S61.211A kwa jeraha. Herufi A inaonyesha kwamba matibabu yenyewe ya jeraha bado yanaendelea. Ikiandikwa S66.120A, jeraha limehamia kidole cha shahada cha kulia, halipatani tena na F1, na dai linaweza kukataliwa.

Yapo pia yasiyopaswa kudaiwa peke yake. Kupasua ngozi, kuifunga na kuangalia kidonda vimo ndani ya bei ya kushona kano. Vivyo hivyo ziara za kawaida kwa mpasuaji kwa siku 90 baada ya upasuaji. Mazoezi kwa mtaalamu wa tiba ya mkono hayamo, hayo hulipiwa kando. Kano iliyoshonwa ikikatika ndani ya siku hizo 90 na mgonjwa akarudishwa chumba cha upasuaji, dai hubeba alama 78, na malipo hupungua.

Mgonjwa anayetilia shaka bili aombe vitu viwili: bili yenye mchanganuo wa misimbo, na ripoti ya upasuaji. Sheria ya HIPAA inampa haki ya kuona kumbukumbu zake, kwa kawaida ndani ya siku 30. Kisha ahesabu: kano ngapi kwenye ripoti, mistari mingapi kwenye bili, kidole kipi, mkono upi. Dai likikataliwa, mipango mingi ya bima binafsi hutoa siku 180 za kukata rufaa. Aliyekatwa kazini, kama Wakongomani wengi wa viwanda vya nyama kule Iowa, aripoti ajali mapema kwa msimamizi, kwani bili hiyo kwa kawaida ni ya bima ya fidia ya mwajiri.

Msimbo ukionekana una kosa, simu ya kwanza ipigwe ofisi ya malipo ya daktari. Kampuni ya bima inaweza kulikataa dai, lakini anayeweza kulisahihisha ni aliyelituma.