NCHI JIRANI: Kiwanja cha Siri na Jicho la Angani

Mwezi Agosti mwaka 1977 dunia iliambiwa jambo ambalo utawala wa Makaburu wa Afrika Kusini ulikuwa ukilificha kwa kila njia. Katika jangwa la Kalahari, mahali paitwapo Vastrap, si mbali na mji wa Upington, yalikuwa yamechimbwa mashimo mawili, moja lenye kina cha mita 385 na jingine mita 216. Mashimo hayo hayakuwa ya maji wala ya almasi. Yalichimbwa kwa ajili ya kujaribia bomu la atomiki chini ya ardhi. Ushahidi uliowafichua Makaburu ulikuwa picha zilizopigwa na setilaiti ya Urusi ya Kisovieti, kutoka anga za juu ambako hakuna askari wa mpakani awezaye kumsimamisha mpita njia.

Habari hiyo inafaa kukumbukwa na kila mlinzi wa nchi, kwani inaonyesha siri ya kijeshi hufichuka namna gani, na kipi hubaki kimefichika.

Rubani wa kijeshi ana udadisi wake wa kazi. Kila apitapo juu ya nchi, jicho lake hutafuta mahali pa kutua. Akiona njia ya kurukia ndege ambayo haimo katika ramani yake, hataacha kujiuliza imejengwa na nani na kwa kazi gani. Udadisi huo una maana. Ndege ya vita haiwezi kukaa hewani siku zote. Lazima itue, ijazwe mafuta, ipakiwe silaha na kutengenezwa. Kwa hiyo, anayevijua viwanja vya jirani yake anajua pia mkono wa jirani huyo unafika wapi. Urefu wa njia ya kurukia humwambia ni ndege ya namna gani inayoweza kutua. Matangi ya mafuta humwambia ni safari ngapi zinazotazamiwa.

Zamani udadisi huo ulihatarisha maisha ya rubani mwenyewe. Tarehe 1 Mei 1960 ndege ya upelelezi ya Marekani aina ya U-2, iliyokuwa ikiruka zaidi ya kilomita 20 kutoka ardhini, ilipigwa kombora ndani ya nchi ya Warusi, na rubani wake, Francis Gary Powers, akakamatwa. Miezi mitatu tu baadaye, mwezi Agosti 1960, setilaiti ya Marekani ya mpango ulioitwa Corona iliangusha chombo chenye filamu, kikashuka kwa mwavuli, na ndege ya jeshi ikakinasa kikiwa bado hewani juu ya bahari ya Pasifiki. Filamu ya safari hiyo moja ilionyesha sehemu kubwa ya nchi ya Warusi kuliko safari zote za U-2 zilizotangulia. Na picha ya kwanza ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya kiwanja cha ndege, kile cha Mys Shmidta, katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Siberia.

Miaka 17 baadaye jicho la namna hiyo, safari hii la Warusi, liliangukia Kalahari. Tarehe 6 Agosti 1977 Moscow iliipelekea Washington ujumbe juu ya maandalizi hayo. Wamarekani walitazama kwa vyombo vyao wenyewe wakaona kwamba mashimo yapo. Mataifa makubwa yakawabana Makaburu, na tarehe 23 Agosti Rais Carter alitangaza kwamba Afrika Kusini imetoa ahadi ya kutotengeneza bomu. Jaribio halikufanyika. Lakini kazi ya viwandani, chini ya mapaa, iliendelea. Tarehe 24 Machi 1993 Rais de Klerk aliliambia Bunge la nchi yake kwamba mabomu sita yalikuwa yamekamilishwa, na kwamba yamekwisha kuvunjwa. Picha ya angani iliweza kuzuia mlipuko, lakini haikuweza kuuzuia mkono uliokuwa ukitengeneza bomu.

Katika jambo hilo, nchi tano zilizokuwa mstari wa mbele, yaani Tanzania, Zambia, Msumbiji, Botswana na Angola, hazikuwa na setilaiti yao hata moja. Hatari ilikuwa mlangoni kwao, lakini macho ya kuiona yalikuwa ya wengine. Wenye macho hayo ndio waliochagua la kusema, wakati wa kulisema na mtu wa kumwambia.

Setilaiti haikuumaliza udadisi wa marubani. Mwezi Aprili 1979 Waziri Mkuu wa Makaburu, P. W. Botha, alitangaza kwamba ndege ndogo iliyokuwa ikimhudumia balozi wa Marekani ilikutwa na kamera ya kupigia picha za ardhini, iliyofichwa chini ya kiti cha rubani msaidizi. Waambata watatu wa kijeshi wa Marekani walifukuzwa nchini, na Marekani nayo ikajibu kwa kuwafukuza waambata wa Afrika Kusini. Mataifa yaliyokuwa yakionekana marafiki yalikuwa yakichunguliana. Ni dhahiri kwamba hata dola yenye setilaiti bora iliona faida ya kumpitisha rubani karibu na ardhi.

Marekani nayo ina siri za namna hiyo. Huko Nevada, kando ya bonde kavu la Groom Lake, pana kiwanja ambamo ndege ya U-2 ilijaribiwa, na hata marubani wa jeshi la nchi hiyo hukatazwa kupita juu yake bila ruhusa. Mwaka 1974 ilibainika kwamba wanaanga wa chombo cha Skylab, ambao wawili kati yao walikuwa marubani wa kijeshi, walikuwa wamekipiga picha, ingawa palikuwa na maagizo ya kutofanya hivyo. Maofisa wa serikali wakaanza kubishana kama picha hiyo itolewe au izuiwe. Shirika la Ujasusi la Marekani lilikuja kukitaja kiwanja hicho waziwazi katika karatasi zilizotolewa mwaka 2013.

Ni lazima kueleza kwamba picha haijisemei yenyewe. Inahitaji msomaji aliyefunzwa. Yeye hupima kivuli ili ajue kimo cha jengo. Huangalia nyayo za magari, maana barabara iendayo mahali pasipo kijiji wala shamba ina sababu yake. Hulinganisha picha ya leo na ya mwezi uliopita. Askari polisi naye anaweza kutumia elimu hiyo hiyo, kwa kuwa njia ndefu iliyonyooka, iliyofyekwa porini mbali na makazi ya watu, inaweza kuwa kituo cha wafanya magendo.

Picha ina mipaka pia. Haioni kupita paa. Makaburu walilijua hilo, na mwaka 1987 waliporudi Vastrap kulitengeneza shimo lao, walijenga kwanza banda kubwa la chuma juu yake. Tena jicho la angani laweza kuona na wataalamu wasikubaliane. Tarehe 22 Septemba 1979 setilaiti ya Marekani aina ya Vela iliona mmweko mara mbili upande wa kusini ya mbali, baina ya bahari ya Atlantiki na bahari ya Hindi, na hadi leo wataalamu wanabishana kama lilikuwa jaribio la bomu.

Tangu mwaka 1999, ilipopelekwa angani setilaiti ya Ikonos, picha zinazoonyesha vitu vyenye ukubwa wa mita moja zimekuwa zikiuzwa kama bidhaa nyingine. Adui, mwandishi wa habari na raia wa kawaida wote wanaweza kukitazama kiwanja kilichozungushiwa seng'enge. Kwa hiyo mlinzi asiutegemee umbali wala ukimya wa pori. Kinachobaki kulindwa ni kile kilicho chini ya paa, ratiba ya kazi, na ulimi wa askari mwenyewe.

Kwa upande wa Afrika, somo la mwaka 1977 limeanza kufanyiwa kazi. Mkataba wa kulifanya bara hili lisiwe na silaha za nyuklia ulitiwa saini mjini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009. Mkataba huo unaitwa Pelindaba, jina la kituo cha nyuklia cha Afrika Kusini karibu na Pretoria. Jirani yetu Kenya ilirusha setilaiti yake ya kutazama ardhi, Taifa-1, tarehe 15 Aprili 2023. Kazi yake ni ya kilimo na mazingira, lakini wataalamu wanaojifunza kusoma picha za mashamba na misitu wanapata ujuzi ambao ulinzi nao unauhitaji. Mkataba usio na macho hutegemea ahadi, na Makaburu walikwisha kuionyesha Afrika thamani ya ahadi isiyo na mtu wa kuikagua.